Kompyuta ya Theophil na Ushuhuda wa Rolande

“Prosesa yangu umeipeleka wapi?”

Theophil alikuwa anauliza kwa mara ya tatu, na safari hii alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili kana kwamba ataibeba meza yenyewe aende nayo polisi. Bertin hakumtazama. Alikuwa anabandua kioo cha simu ya mtu kwa kisu chembamba, na kazi ile haitaki hasira.

“Papa Théo, bon,” akasema. “Nilifungula machine, nikatosha vumbi, nikatia pâte mupya ya kupoza, nikafunga. Prosesa imechomelewa mule ndani, haitoke na tournevis. Hata ningetaka kuiiba, ningeitosha na nini, na meno?”

“Ilikuwa inakimbia. Sasa inatambaa. Na mtu wa mwisho kutia mkono ndani ni wewe.”

“Na haujanilipa. Trente-cinq, euro makumi tatu na tano.”

“Mwizi hulipwa?”

Hapo nikaweka chini unga wangu wa muhogo. Duka lile liko Saint-Gilles, karibu na stesheni ya Midi. Mbele wanauza unga, samaki wakavu na nywele za bandia, na nyuma kabisa Bertin, Mkongo wa Bukavu, amekodi meza moja na soketi moja anatengeneza simu na kompyuta. Ukitamka neno mwizi mule ndani, wanakusikia wateja wa unga, wa samaki na wa nywele. Nilimshika Theophil mkono nikamwambia kaka, twende nje, yaliyobaki utayasemea huko. Alitoka, lakini alitoka kinyumenyume, macho kwenye bisibisi za Bertin, asije akachomolewa kitu kingine.

Theophil namjua miaka kumi na mmoja. Mimi hupika kwenye shughuli za watu wetu hapa Brussels, yeye hupiga video, kwa hiyo tumekutana kwenye harusi na misiba mingi kuliko watoto wa mama mmoja. Siku za kazi mimi nasafisha nyumba za watu wa mashirika kule Uccle, yeye anafua mashuka ya mahoteli kwenye kiwanda kimoja cha dobi. Anakaa Evere, ghorofa ya nne, na mkewe Nyambura, Mkenya mwenye subira kuliko wote niliowahi kuwaona. Kwao Theophil ni Bukoba. Mwembamba, ana miaka arobaini na tisa, na huvaa jaketi lenye mifuko minane kiangazi na baridi, kwa sababu mfuko mmoja ukiibiwa inabaki saba.

Watu wengine huamka wakapiga mswaki. Theophil huamka akahesabu. Akiacha kikombe mezani akaenda msalani, akirudi hakinywi, anakimwaga. Barua ya manispaa ikija, anaisomesha kwa watu wawili wasiojuana, halafu analinganisha majibu. Kabla ya kumwoa Nyambura alimpigia simu mchungaji wa kwao, mwalimu wake wa shule ya msingi na mwenye duka la kijijini. “Mwenye duka hakupokea,” Nyambura aliniambia. “Kwa hiyo mimi bado niko kwa majaribio.”

Na vitu vyake yeye havitii alama. Hili liwekeni akilini. Sisi wengine, ukikopesha sufuria kwenye shughuli, unaipaka rangi ya kucha au unaifunga kamba ya uzi, maana ukumbi lazima urudishwe saa nne kamili, na watu wanafungasha vya nyumba kumi ndani ya mabegi matatu. Bila alama utakwenda nyumbani na mfuniko wa mtu. Theophil hataki. Anasema alama ni kumwonyesha mwizi kilicho bora. Badala yake, kwenye skurubu za kompyuta yake alidondoshea nta ya mshumaa, ili mtu akifungua kwa siri aone. Bertin siku alipoifungua kuisafisha alidhani ni mafuta ya maandazi.

Kompyuta yenyewe ni ile ya kuchezea gemu. Nzito kama jiwe la kusagia, na vitufe vyake vinawaka nyekundu, kijani na zambarau kama disko la vijijini siku ya Krismasi. Watu humcheka, mtu mzima na mataa yale. Theophil hajui gemu hata moja. Aliinunua kwa sababu ya nguvu. Anachukua picha za kamera mbili kwa wakati mmoja, anazichanganya, anazirusha laivu mpaka Bukoba, Nairobi, Bukavu, popote wanapokaa wale ambao viza iliwakataa. Kompyuta ya kawaida ukiitwika mzigo huo inalala chini.

Sababu ya pili alinieleza mara moja tu, siku aliyonisaidia kubeba sufuria ya pilau kushuka ngazi, na hajairudia. Mama yake alikufa miaka sita iliyopita, na kitambulisho chake Theophil kilikuwa manispaa kinabadilishwa, hakuweza kusafiri. Mazishi aliyatazama jikoni kwake, kupitia simu iliyoshikwa na mpwa wake kule nyumbani. Jeneza lilipofika kwenye mdomo wa kaburi, picha ikaganda. Akakaa anatazama picha iliyoganda dakika nane. Iliporudi, watu walikuwa wanasawazisha udongo kwa migongo ya majembe.

“Sikumwona akishuka,” aliniambia. Halafu akaniuliza kama ile sufuria nilikuwa nimeihesabu vifuniko.

Basi, ugomvi wa dukani ulianza hivi. Bertin aliisafisha kompyuta Jumatano. Jumamosi tulikuwa na harusi Evere, na kompyuta ilifanya kazi vizuri mpaka keki. Jumatatu Theophil akaiwasha nyumbani aunganishe video ya harusi, kazi ya nusu saa, ikamchukua tangu chai ya asubuhi mpaka ugali wa mchana na bado. Kishale kilikuwa kinajikokota kwenye kioo kama mzee anayepanda ngazi. Nilimuuliza, kama Bertin ndiye aliyeiharibu Jumatano, Jumamosi ilikimbiaje? Akanitazama kwa huruma. Akasema wajanja hawatoi kitu kinachokufa siku hiyo hiyo.

Alijaribu kila kitu. Aliiinua juu ya vifuniko viwili vya chupa za jemu ili ipate hewa chini. Aliitoa nje kwenye roshani kwenye baridi, na waya wa chaja umepitia dirishani, akaisimamia akiwa amevaa jaketi. Alitafuta virusi kwa programu tatu, maana ya kwanza hakuiamini na ya pili hakuijua aliyeitengeneza. Akafuta programu zote ambazo hakuzikumbuka. Mipangilio ya umeme aliiweka kwenye nguvu ya juu kabisa. Akabadilisha neno la siri la intaneti mara nne kwa siku mbili, kwa sababu jirani wa ghorofa ya tatu alikuwa anatabasamu sana kwenye lifti, mpaka Nyambura mwenyewe akashindwa kumpigia mama yake. Hakuna kilichobadilika. Ndipo Jumanne akaenda kumwita Bertin mwizi.

Alhamisi Guylain akafa.

Guylain alikuwa kijana wa Bukavu, miaka thelathini na minne, anatunza wazee kwenye nyumba moja ya wazee huko huko Evere. Moyo tu, akiwa kazini, amebeba trei ya chai. Kila mtu alimjua kwa sababu ndiye aliyekuwa anatusomea fomu. Kupeleka mwili Bukavu ilishindikana, kwa gharama na kwa hali ya njia ilivyo sasa, basi wakakubaliana azikwe hapa hapa, kwenye makaburi ya Evere, Ijumaa ya wiki iliyofuata. Mama yake, maman Antoinette, alibaki kule na simu mkononi. Ijumaa hiyo hiyo ya kwanza alimtumia Theophil ujumbe wa sauti. Theophil alinisikilizisha msibani, tukiwa tumesimama kwenye korido penye makoti ya watu.

“Papa Théophile,” sauti ilisema, sauti ya mwanamke aliyekwisha kulia akamaliza. “Mi siko na viza, siko na njia. Banasema weye unaonyeshaka bantu. Unionyeshe mutoto wangu mpaka mwisho. Usikatishe, papa. Hata kama ni mubaya kuona, usikatishe.”

Alikuwa amemjibu nini? Alikuwa amemjibu ndiyo. Na kompyuta kwenye begi lake, siku ile, ilikuwa haiwezi kurusha hata picha ya ukuta bila kugandaganda.

Nikamwambia arudi kwa Bertin. Akasema bora amwombe shetani. Nikamwambia kuna mafundi wa Kizungu. Alikuwa ameshawapigia, mmoja alimwambia aiache siku kumi na nne, mwingine alimwambia anunue nyingine. Simu isingetosha? Simu ndiyo iliyomgandishia mazishi ya mamaye, hakutaka hata kuisikia.

Jumapili nikaenda kanisa la Wakongo kupeleka sambusa za watu waliokuwa na shukrani. Ibada ilikuwa haijaisha. Akasimama Rolande, mama wa Goma, mnene wa kupendeza, ndiye anayeshika kompyuta ya kanisa inayoonyesha maneno ya nyimbo ukutani. Akatoa ushuhuda. Kompyuta ile, alisema, tangu mwaka jana ilikuwa mgonjwa. Waimbaji wako ubeti wa tatu, ukuta bado uko ubeti wa kwanza. Wakafunga siku tatu. Na tazama, tangu Jumapili iliyopita imepona, inakwenda kama imenunuliwa jana. Watu wakapiga makofi, kijana mmoja nyuma akaanguka chini. Mimi pia nilipiga makofi, mikono ilikuwa mitupu.

Jioni nikamsimulia Theophil kwenye simu, ili acheke kidogo. Hakucheka.

“Imepona lini?” akauliza.

“Jumapili iliyopita.”

“Yake imeamka Jumapili. Yangu Jumatatu nimeikuta imelala. Mama Paskalina, nguvu haipotei. Huhamishwa.”

Nilimcheka mpaka nikakaa. Nikamwambia kaka, umesoma mpaka kidato cha nne, unataka kuniambia Rolande ameiloga kompyuta? Akasema hasemi kitu, anaangalia tarehe tu. Nikamwambia kesho saa tisa tunakwenda kwa Bertin, mimi na wewe, na usipokuja nitamwambia maman Antoinette mwenyewe kwamba uliogopa trente-cinq.

Alikuja. Alikuja lakini hakusalimia. Aliweka kompyuta juu ya meza ya Bertin, akaweka chaja pembeni, akatoa simu yake, akaanza kumpiga video fundi mikono yake, tangu vidole mpaka kiwiko. Bertin alinyanyua mikono yote miwili mbele ya kamera, akaigeuza mbele na nyuma kama daktari wa upasuaji. “Alors,” akasema, “umeona? Haina kitu.” Akachomeka, akawasha.

Akafungua ukurasa wa namba zinazoonyesha hali ya mashine. Kwanza joto. Kompyuta iliyoziba vumbi au iliyokaukiwa na ile gundi ya kupoza huchemka, ikichemka inajipunguza mwendo yenyewe isiungue, na hilo ndilo Bertin alilotazamia. Haikuwa imechemka.

“Iko baridi kama muntu mwenye hana kazi,” akasema, na nilimwona kwa mara ya kwanza amekunja uso. Maana baridi ile ilimsafisha yeye, lakini ilimnyima jibu. Feni zilikuwa kimya. Mwendo wa prosesa, ambao ungepaswa kufika nne na kitu, ulikuwa umesimama kwenye zéro virgule huit, yaani sifuri nukta nane. Akafunga programu moja, akafunga ya pili. Zéro virgule huit. Akafungua kitu kizito kusudi. Zéro virgule huit. Kama punda aliyefungwa miguu, umpige au umbembeleze ni mamoja.

“Mwulize ameiweka wapi ile prosesa ya zamani,” Theophil akaniambia mimi, kana kwamba Bertin hayupo.

Mteja alikuwa amekuja anataka simu yake ichajiwe haraka apande treni, na soketi, nimeshasema, ni moja. Bertin akachomoa chaja ya Theophil amsaidie yule mtu. Na mimi, ambaye sikuwa na kazi ila kutazama ile namba, nikaona imeruka. Tatu na kitu.

“Bertin,” nikasema. “Imekimbia.”

Akarudi. Akatazama. Akachomoa simu ya mteja, akarudisha chaja ya Theophil. Zéro virgule huit. Akachomoa. Tatu. Akachomeka. Zéro virgule huit. Mteja akaanza kulalamika habari za treni, hakuna aliyemsikiliza. Hata mimi niliyeishia darasa la saba nilielewa kwamba kuna kitu hapo kimekaa kinyume: mnyama anayekimbia akiwa na njaa na kulala akilishwa, tatizo ni chakula.

“Na betri,” Bertin akasema, “onze pour cent, kumi na moja kwa mia. Haipande. Papa Théo, tangu siku gani haipande?”

Theophil hakujua. Tangu harusi hajawahi kuiwasha bila chaja.

“Hii chargeur iko ya nani?”

“Yangu.”

“Una uhakika?”

“Huoni alama?” Theophil akageuza ile chaja. Juu ya ubavu wake bapa kulikuwa na herufi T kubwa, ya rangi ya kucha nyekundu. “T. Theophil.”

Bertin akaeleza taratibu, safari hii kwa upole, kama anaeleza ugonjwa. Chaja halali ya kompyuta ya namna hii ina kijisindano katikati ya kichwa chake, ambacho kinajitambulisha: mimi ni fulani, nina nguvu kiasi fulani. Kompyuta ikimtambua, inafungua milango. Isipomtambua inamwona mgeni, inaogopa kuungua, inakunywa umeme kidogo tu wa kuishi, inakataa kujaza betri na inajifunga miguu. “Haiamini muntu yenye haijue,” akamaliza.

Theophil akainamisha kichwa kwa heshima. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kukutana na mashine yenye akili zake.

Bertin akachukua sarafu, akaanza kukwangua ile T kuona maandishi ya chini. Rangi ikatoka vipande vipande. Chini yake kulikuwa na karatasi iliyochapwa vibaya, maneno yamekaa upande, jina la kiwanda limekosewa herufi. “Bandia,” akasema. “Ya sokoni. Papa, nani alikuuzia?”

“Sikuinunua. Imetoka kwenye boksi na kompyuta yangu. Sijawahi kuibadilisha. Sijawahi hata kuiwekea ala—”

Akanitazama mimi.

Na mimi nilikuwa nimeshaficha kucha zangu tangu sarafu ilipogusa rangi, kwa sababu ile T ilikuwa mwandiko wangu.

Nikasema. Usiku wa harusi tulifungasha kwa mbio, ukumbi unafungwa. Kesho yake asubuhi nikamwaga mabegi sakafuni kwangu kutenganisha. Nikakuta chaja mbili nyeusi, ukubwa mmoja, uzito mmoja, hazina alama. Moja ya Theophil, moja ya Rolande, ambaye aliileta kompyuta ya kanisa, ya kampuni ile ile, ipige nyimbo. Rolande vitu vyake huvifunga utepe wa kitenge, na utepe ulikuwa umefunguka uko peke yake chini ya begi, karibu na chaja mojawapo. Nikaufunga kwenye hiyo. Nyingine, nikasema, hii basi ni ya Theophil, na kwa vile namjua mdomo wake, nikaiandika T kubwa, asijesema mtu kamwibia. Nikaipaka pale palipo bapa, juu ya maandishi, maana ndipo rangi inaposhika. Kabla ya misa kila mtu alikuwa ameletewa ya mwenzake.

Theophil alinigeuzia kamera.

“Rudia,” akasema. “Tangu ukumbi ulipofungwa.”

Nikarudia. Ningefanyaje? Mtu aliyemshuku jirani, fundi, virusi na hata upepo, alikuwa ameamini kitu kimoja tu wiki nzima, nacho ni rangi ya kucha zangu.

Bertin akasema chaja halali akiagiza itafika baada ya siku nane au kumi, na mazishi ni Ijumaa. Kanisani kuna umeme, makaburini hakuna. Pale kaburini itabidi kompyuta iende kwa betri, na betri ile hakuna kitakachoijaza ila chaja yake yenyewe. Tukatazamana. Bertin akafunika meza yake kwa gazeti, akavaa koti. Hakuna aliyemwalika. Aliitwa mwizi mbele ya watu, alitaka kuwepo.

Rolande anakaa dakika kumi kutoka pale, kwenye nyumba moja ya zamani iliyokatwakatwa vyumba. Alitupokea kwa furaha, akatuwekea soda. Chaja ilikuwa kwenye ukuta pale pale, na utepe wake wa kitenge cha njano, inailisha kompyuta ya kanisa. Nikaeleza mimi, kwa kuwa kosa langu. Kadiri nilivyoeleza ndivyo uso wake ulivyofunga.

“Maman Pascaline,” akasema nilipomaliza, “unataka niseme nini kwa bantu? Nilitoa ushuhuda. Bantu walipiga makofi. Muntu mumoja aliokoka sababu ya ile machine. Sasa niende niseme haikuwa Mungu, ilikuwa chargeur ya Papa Théo?”

Bertin akaanza kucheka, akaigeuza kikohozi. Theophil alikuwa amefungua mdomo. Nilijua neno lililokuwa linakuja, lile lile la dukani, na kwamba likitoka hatutaipata ile chaja mpaka kiama. Nikamkanyaga mguu. Akanitazama, akafunga mdomo. Halafu akatia mkono kwenye mfuko wa tano wa jaketi, akatoa simu, akaiweka mezani katikati ya soda, akabonyeza.

Papa Théophile. Mi siko na viza, siko na njia.

Tulisikiliza mpaka mwisho. Rolande alimjua maman Antoinette kwa jina. Nani hamjui mama wa Guylain. Kisha akainuka, akachomoa chaja ukutani, akaufungua ule utepe wa kitenge fundo kwa fundo, akautia mfukoni mwake, akamkabidhi Theophil kile kitu kikiwa uchi.

“Dimanche kanisani nitasema imerudia ugonjwa,” akasema. “Watafunga tena. Haina mubaya, tumenenepa.”

Bertin akamwambia atamtafutia halali, ya mkono wa pili, mwisho wa mwezi. Akasema hivyo akiwa anafunga viatu, bila kumtazama mtu.

Nyumbani kwa Theophil jioni ile tuliichomeka. Namba ikapanda nne na kitu, na betri ikaanza kupanda, moja moja, kama maji kwenye ndoo. Theophil alikaa mbele yake mpaka ishirini. Nyambura akasema miaka tisa ya ndoa hajawahi kutazamwa hivyo.

Ijumaa kulikuwa na manyunyu. Kanisani kila kitu kilikwenda sawa, kwaya, picha, maneno ya mwajiri. Makaburini Theophil aliiweka kompyuta juu ya kiti cha kukunja, na Bertin akasimama nyuma yake ameshika mwavuli juu ya kompyuta, si juu ya Theophil, ambaye alilowana mpaka mgongoni. Kamera moja kwenye nguzo, moja mkononi mwa Nyambura. Kwenye simu iliyokuwa sikioni mwa Theophil alikuwemo maman Antoinette, na majirani zake nyuma wanaimba.

Walipoanza kulegeza kamba, Theophil hakutazama kaburi hata mara moja. Alitazama namba pembeni ya kioo. Midomo yake ilikuwa inakwenda, na nilikuwa karibu vya kutosha kusikia kwamba hasali, anazisoma zile namba kwa sauti ya chini, moja baada ya nyingine. Hazikushuka. Picha haikuganda. Kamba zikalegea, zikalegea, zikatulia.

“Ameshuka,” sauti ya maman Antoinette ikasema kwenye simu. Haikuwa inauliza.

“Ameshuka, mama,” Theophil akasema. “Umemwona?”

“Namuona. Usikatishe.”

Hakukatisha. Alirusha mpaka shada la mwisho, mpaka watu wamekwenda, mpaka wachimbaji wamekunja turubai. Betri ilikuwa imebaki asilimia sita. Mimi nilikuwa nimeondoka kwenda kuwasha majiko, na sisemi kitu kuhusu mashavu ya mtu kwenye siku ya manyunyu.

Jumamosi alinipigia niende naye Saint-Gilles. Tulifika saa tano, duka lina watu wawili tu. Theophil akakataa kwenda nyuma. Akasimama karibu na samaki akisoma bei za samaki asiowala, mpaka saa sita, mpaka duka likajaa kina mama wa unga, wa samaki na wa nywele. Ndipo akaenda kwenye meza ya Bertin.

“Wiki iliyopita nilisema hapa kwamba huyu ni mwizi,” akasema, kwa sauti ambayo haikuwa na haja ya kuwa kubwa hivyo. “Si mwizi. Nilikosea mimi.” Akatoa noti kwenye mfuko wa ndani kabisa, akaziweka mezani, moja ya ishirini, moja ya kumi, moja ya tano.

Mama mmoja wa nywele akasema amina.

Bertin akazichukua. Ile ya ishirini akainyanyua juu, akaitazama kwenye taa, upande huu na upande ule, bila haraka. Theophil akasubiri. Sijui mtu mwingine ambaye asingeudhika. Yeye aliinamisha kichwa kidogo kukubali, kama anayeona kazi imefanywa inavyotakiwa.

“Bon,” Bertin akasema. “Imeisha. Hatudaiane.”

“Niandikie,” Theophil akasema.

Bertin akachana kipande cha mfuko wa unga, akaandika kwamba amelipwa, akasaini. Theophil akakisoma mara mbili, akakirudisha mezani, akaweka kidole chini ya saini.

“Na tarehe,” akasema.